Samli ya Kigari

Jirani anachemsha samli, na harufu yake imeingia ndani bila kupiga hodi. Nimefunga dirisha.

Nilipokuwa mtoto, kiangazi kimoja chote tulisubiri fainali. Vigari vya miti vilishindana viwiliviwili kuteremka kilima cha Malangali, na mvua zilipokaribia walibaki wawili: kaka yangu, na mvulana wa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Sisi tulilainisha magurudumu kwa mlenda uliopondwa. Yeye alipaka samli ya mama yake, na hakuna aliyemfikia. Wiki nzima tulimzomea shuleni huku tumeziba pua.

Siku yenyewe aliniomba nimshikie kigari akaze kamba ya kaptura. "Dada, kisiteleze," alisema. Nikachota mchanga, nikauchanganya na ile samli ya kwenye ekseli kwa kidole, taratibu, kama mtu anayekoroga uji.

Gurudumu lilikwama katikati ya mteremko. Mkono wake ulikunjika upande ambao mkono haukunjiki. Tulimshangilia kaka mpaka sauti zikakauka.

Jioni mama alinituma kwao nikampe pole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amesema wewe ndiye uliyemshikia kigari. Wenzako wanamkimbia, eti ananuka."

Akanijazia kikombe cha samli niwapelekee nyumbani.

Tuliila kwa ugali wa ulezi. Kikombe nilikikomba mimi, kwa kidole kilekile.