Laini ya Marehemu

Namchukia mtu ambaye sijawahi kumwona. Najua sauti yake tu: ni kijana, ana mafua kidogo, huongea Kiswahili cha ofisini anapotaka kitu na cha vichochoroni akishakipata. Akiniuzia maji ya chupa sokoni leo sitamtambua, mpaka afungue mdomo.

Alimpigia mama siku ya soko pale Mikinduri, mama akiwa amekaa nyuma ya meza yake ya leso na mabuibui. Alimwita mama kwa upole. Akajitambulisha kuwa mtu wa kampuni ya simu, akasema laini zote zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine zitafungwa jioni hiyo, akauliza hii yake ina jina la nani.

Mtu mwingine angekata simu. Mama hakukata, na sababu yake inaniuma kuliko wizi wenyewe.

Sisi ni Waislamu wa sokoni. Wazee wetu walifika Meru na misafara, mmoja kutoka huku, mwingine kutoka kule, wakaoa hapa, wakachinja ng'ombe hapa, wakazikwa hapa. Tukigombana nyumbani tunagombana kwa Kimeru. Lakini mtu wetu akienda kuomba kitambulisho, anaitwa mbele ya meza ya wazee na kuulizwa babu yake alitoka wapi, na aende akalete karatasi za huyo babu. Mama alisimama mbele ya meza hiyo akiwa msichana, akarudishwa. Akasimama akiwa bibi arusi, akarudishwa. Alipopewa kitambulisho hatimaye, watoto wake tayari tulikuwa na vyetu vya shule. Miaka hiyo yote alikuwa anatumia simu kama watu wengine, kwa sababu baba, aliyekuwa na bucha pale pale sokoni, alimsajilia laini kwa kitambulisho chake yeye. Baba akafa. Laini ikabaki ikilia mfukoni mwa mama kwa jina la baba.

Kwa hiyo sauti ya ofisi ilipomuuliza, alijibu kama ile meza ilivyomfundisha: haraka, kwa adabu, bila kuficha kitu. Alitaja jina la baba, namba ya kitambulisho chake ambayo anaijua kwa moyo, mwaka wake wa kuzaliwa. Akaulizwa na namba ya siri ya pesa, ya kuhakikishia. Akaitaja pia.

"Sasa, mama, zima simu kidogo tukuhamishie jina," yule kijana akamwambia. "Ukiiwasha itakuwa yako."

Akaizima. Aliniambia baadaye kwamba alipoizima alisikia raha. Aliuza leso mbili bila kubishana bei.

"Nilidhani naandikwa," alisema.

Alipoiwasha haikuwa na mtandao. Aliiwasha na kuizima mpaka jua likaelekea kushuka, ndipo akaazima simu ya jirani na kunipigia Nchiru, ninakopanga chumba. Nilipiga namba yake hapo hapo. Ikaita. Simu ya mama ilikuwa mkononi mwake, imenyamaza, na namba yake ilikuwa inaita mahali pengine.

Pesa zilizokuwamo zilishaondoka, na sitazizungumzia. Mama mwenyewe hakuzitaja. Alichosema ni kimoja: "Na mtoto akipiga?"

Mtoto ni dada yangu mdogo, anafanya kazi za nyumbani Uarabuni. Waajiri walipompokea walimnyang'anya simu. Hupiga kwa kuazima simu za wasichana wengine, wakati mwenye nyumba amelala mchana, leo namba hii, kesho ile, na alitukataza kabisa kuzirudia, kwa kuwa simu ikilia ovyo msichana mwenye simu huchapwa. Kichwani mwake ana namba moja tu ya huku, ile ya mama, aliyoikariri tangu shule ya msingi. Yangu haijui. Hakuna anayekariri namba siku hizi. Namba hiyo ndiyo mlango wake wa kurudi nyumbani, na sasa nyuma yake alikuwa amesimama mwizi.

Asubuhi tulikuwa kwenye duka la simu mjini Meru kabla halijafunguliwa. Msichana wa kaunta alikuwa na kucha ndefu na haraka nyingi.

"Mwenye laini ndiye nani?"

"Mimi," mama akasema.

Akaangalia kompyuta, akaangalia kitambulisho cha mama. "Hapana. Hii ni ya mwanaume."

"Ni ya mume wangu. Alifariki."

"Basi lete cheti cha kifo na barua ya chifu."

"Jana mtu alikuja kuichukua bila cheti wala barua," nikamwambia.

"Huyo alikuwa na maelezo ya mwenye laini."

"Mwenye laini amezikwa!"

"Usinipigie kelele mimi. Sikumzika."

Nilimwomba angalau aizime, isipokee wala kupiga. Akasema ombi la kuizima linatoka kwa mwenyewe. Watu kwenye foleni walituangalia kama sisi ndio wezi, na mzee mmoja aliyekuja kununua chaja akasema tusogee kando, tunachelewesha wenye shida za kweli.

Cheti cha kifo hatukuwa nacho. Baba alifariki alfajiri na kabla ya alasiri tulikuwa tumeshamzika, kama dini inavyotaka. Kibali cha kuzika tulipewa na chifu, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kwenda ofisi za serikali kumwandikisha marehemu. Kwa vitabu vyao baba alikuwa hai, ana laini, na jana tu alikuwa amefika dukani kubadilisha kadi yake.

Chifu alitusikiliza huku akichokonoa meno. "Kwa hivyo aliyeibiwa ni marehemu?" akauliza, wakacheka yeye na askari wake. Kisha akamgeukia mama. "Na nyinyi asili yenu hasa ni wapi?"

Nilimwona mama akinyoosha mgongo na kuanza kumtaja babu yake. Nilitamani kuipindua ile meza. Sikuipindua, kwa sababu muhuri ulikuwa juu yake.

Barua ilichelewa, cheti kikachelewa zaidi. Katikati ya kungoja huko nilikuwa nikiipiga namba ya mama kila siku. Mara nyingi ilikatwa. Siku moja nikiwa Muthara nikingoja gari, ikapokelewa.

"Rudisha laini ya mama yangu," nikasema.

"Mama gani? Hii ni ya mzee fulani. Nimeona jina."

"Huyo ni baba yangu. Alikufa."

"Pole basi. Haihitaji."

Nilimtukana kwa Kimeru, matusi ambayo siwezi kuyaandika mama akiwa hai. Akanijibu kwa Kimeru. Kimeru safi cha Tigania, cha huku kwetu, cha mtu aliyelelewa na nyanya yake karibu na jiko.

"Taratibu," akasema. "Dadako ana adabu kukushinda. Alipiga juzi. Nikamwambia mama amelazwa, hawezi kuongea, mimi ndiye muuguzi." Akavuta kamasi. "Analia vizuri huyo msichana. Mpaka mtu anasikia huruma."

Akakata.

Tangu siku hiyo sipiti sokoni kama zamani. Huwaangalia vijana wanaofunga miraa kwa majani ya ndizi, wanaopakua viazi, wanaoegemea pikipiki, nikisubiri mmoja apige chafya. Wamenizoea toka utoto, wananisalimia, nami nasikiliza salamu zao kama polisi. Wengine wameacha kunisalimia. Sijaenda kumwomba radhi yeyote, wala sina mpango huo.

Cheti kilipotoka tulirudi kwenye duka lile. Kaunta ilikuwa na kijana mwingine, akasoma karatasi zetu mara moja tu, akaizima kadi ya mwizi, akaisajili namba kwa jina la mama. Tukabadilisha namba ya siri. Nikauliza kama kuna kufuli, akasema lipo: laini hufungwa isibadilishwe kadi mpaka mwenyewe aje dukani kwa miguu yake na kitambulisho chake. Hakuna tangazo lililowahi kutuambia hivyo. Tukaifunga. Akamwambia mama kwamba kampuni haimwulizi mtu namba ya siri hata siku moja, na kwamba simu ikipoteza mtandao ghafla huku za jirani zinashika, asingoje jua lishuke, aazime simu na kupiga ripoti saa hiyo hiyo. Mama aliitikia kila neno. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha serikali au cha kampuni chenye jina lake ambacho aliyempa hakumwuliza babu, na hakutabasamu.

Dada alipiga mchana mmoja nikiwa nimekaa na mama nyuma ya meza ya leso. Mama aliweka sauti ya nje.

"Wewe ni nani?" dada akauliza, bila salamu.

"Ni mimi. Mama yako."

"Kila anayeshika namba hii hujidai ni mtu wa mama yangu. Mara ya mwisho alikuwa muuguzi, nikamtumia kila kitu nilichokuwa nacho. Kama ni mama, sema siku naondoka ulinipikia nini."

Mama alikunja uso. Nilimtupia jicho azuie hasira, hakuniona.

"Sikukupikia kitu," akasema. "Nilikukataza usiende ukanijibu vibaya, nikakataa kuwasha jiko. Ulienda kunywa chai kavu kwa jirani ukapanda gari umenuna. Nikuzae mimi, halafu unipe mtihani?"

Kisha tukamsikia dada akilia, na nikaijua ile sauti ambayo mtu mwingine alikuwa ameisikia kabla yangu na kuisifu.

"Usimtumie mtu kitu kwa namba hii," mama akamwambia. "Hata mimi nikikuomba, kataa. Hata ukisikia sauti yangu."

Sasa kila simu huanza na swali. Tulijaribu maswali mepesi, jina la paka, rangi ya mlango, lakini hayo mtu wa karibu anaweza kuyajua, na tunajua mwizi wetu ni wa karibu. Mambo yanayojulikana na wao wawili peke yao ni ugomvi wao wa zamani: nani alimpiga nani kofi kwa sababu gani, maneno gani yalisemwa chumbani baba alipokuwa mgonjwa. Dada huuliza, mama hujibu, na jibu likishatoka hubaki hapo katikati yao, halirudi lilikotoka.

Wiki hii alipiga, akauliza, mama akajibu kwa ukali, dada akabisha kwamba haikuwa hivyo, mama akaapa ilikuwa hivyo hivyo. Wakiwa bado wanabishana mwenye nyumba kule akaamka, na simu ikakatika.

Mama aliiweka mezani. "Leo tumegombana tu," akasema, akaendelea kukunja leso.