Kioo Kilichopitia Moto

Jana Jumamosi, saa tisa mchana, mjomba aliniachia kibanda chake cha kutengeneza simu hapa Songo. Kwa kuwa naona haya kusema na wateja, alinipa mbinu: "Weye usiongee, Sifa. Ukishabandika kioo cha kinga, gonga na ufunguo tu, mteja ataamini. Kilichomwa motoni kikapozwa ghafula, hakipasuke ovyo."

Nani akaja? Prefe, mkuu wa shule yetu. Akaweka simu yake mezani, akaomba kioo. Nilibandika kioo, nikageuza uso kwa haya, nikachukua simu bila kuangalia, nikagonga. Paa! Ikapasuka.

"Ni kioo cha kinga tu, Bwana Prefe," nikasema, tena kwa sauti. "Kimekufa kwa ajili ya simu yako." Nikaanza kukibandua kwa ukucha. Nikakwaruza, nikakwaruza, sikuona pa kushika.

Mjomba akarudi kuchukua simu aliyoisahau mezani, nyeusi kama ya prefe. Akaigeuzageuza.

"Sifa! Na hii yangu imevaa kioo kipya tangu lini?"

Leo asubuhi nimempelekea prefe nyumbani simu hiyo ya mjomba, aitumie mpaka yake itengenezwe. Kabla sijafungua mdomo, alinishika mkono.

"Nimeamini, mutoto. Usigonge."