Hewa ya Wizi

Nitaanza na mkosaji, maana mimi siachi mkosaji apite. Ni fundi wa Kicukiro, yule wa kofia nyekundu, nyuma ya soko. Jina lake nalijua, nalimeza tu. Alinibadilishia chujio cha hewa, na toka siku hiyo gari langu likisimama linatetemeka, likipanda kilima cha Kagarama linakohoa. Nikamrudishia. Akachomoa plagi, akanionyesha: nyeupe.

"Mzee, petroli haifiki. Hii mashine imekwisha. Uza tu, iko mtu anaitaka."

Mtu mwenyewe ni shemeji yake. Na jina la huyo nalimeza pia. Wangekuja kulichukua kesho yake asubuhi, na mimi nilishaitikia. Gari hilo ndilo linalotulisha. Nabeba abiria wa uwanja wa ndege, Kanombe.

Jioni nikamwomba mke wangu akae kwenye usukani, aliwashe, nilisikie mara ya mwisho.

"Unaliaga?" akacheka. "Na mimi siku nikienda utanifungulia boneti?"

"Nyamaza, mama. Nasikiliza."

Kusikiliza ndiko kulikoniponya mwaka ule wa mauaji. Nililala juu ya dari, wauaji chini wakinitafuta, nikajifunza kutofautisha upepo na mtu anayeiba pumzi. Shule sikumaliza, lakini hilo nalijua. Na ndani ya injini ile kulikuwa na kitu kinaiba pumzi. Sss. Petroli haikuwa na kosa. Hewa ndiyo ilizidi, inaingia pasipo mlango.

Nikamwagia maji ya sabuni bomba la mpira linalotoka kwenye chujio, kidogo kidogo. Kwenye mkunjo, povu likanyonywa ndani, na injini ikatulia kama mtoto aliyepata ziwa, kisha ikaanza tena kutetemeka. Nikapapasa chini yake, jicho lisipofika. Mpasuko. Na juu ya mpasuko, selotepu nyeusi imeanza kubanduka.

Mtu hafungi kidonda asichokiona. Alijua.

Nikaibandua selotepu, nikakata kipande cha mpira wa baiskeli, nikakaza kwa waya.

"Papa," mke wangu akasema toka ndani, "mbona halitetemeki tena? Umelifanya nini?"

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, nikipumua.

Asubuhi walikuja na kamba ya kuvutia. Mimi nilikuwa nimeshapita Kagarama na abiria wangu, napanda bila kikohozi. Mke wangu alifungua geti, akambandika fundi ile selotepu kiganjani, akafunga.