Krismasi Niliyokula kwa Mama

Tangu nipate akili nilikaa na mama yangu siku mbili tu, na siku zote mbili nilimwogopa.

Alikuwa mtu wa Mbeya. Baba, Mhehe wa Kilolo, alikutana naye kwenye mashamba ya kahawa, akamleta kwetu milimani. Nilikuwa bado nanyonya alipotokwa na mabaka mgongoni, kisha vidole vikaanza kufa ganzi. Ndugu zake wakaja wakamchukua, wakampeleka kwenye kambi ya wagonjwa wa ukoma iliyokuwa karibu na kwao. Mimi nikalelewa na shangazi, dada yake baba. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Ila nikimuuliza habari za mama alinijibu neno moja: "Ukila cha mkono wake, na wewe vidole vitakatika."

Nilipofikia miaka minane hivi, baba akasema Krismasi hiyo tutakula na mama. Shangazi alilia kama kwenye msiba. Tulipanda lori la mahindi pale Iringa mjini, mvua ikinyesha. Karibu na Makambako tukakwama kwenye tope tangu asubuhi hadi alasiri. Baba alisukuma pamoja na wanaume wengine, akarudi ana udongo mwekundu mpaka kwenye nyusi, anacheka.

"Mama yako anajua kuimba," akaniambia. "Utamsikia."

Tulifika mkesha wa Krismasi. Mama alikuwa langoni, amesimama kwenye matope, mikono ameifunika kwa ncha za kitenge. Nikajificha nyuma ya koti la baba. Hakunisogelea.

"Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa Kihehe, lugha aliyofundishwa na baba.

Sikuitikia.

Kesho yake kanisani wageni tulikaa kulia, wagonjwa kushoto. Mama akaanzisha wimbo na upande wao wote ukamfuata. Baba akanigusa bega. "Unasikia? Ndiye huyo." Nilisikia. Sauti ilikuwa nzuri, nami nilikuwa nahesabu vidole vilivyobaki kwenye mkono ulioshika kitabu.

Baada ya ibada akatupikia wali na kuku aliyemfuga mwenyewe. Baba alikula kwa hamu. Mimi nikafumba mdomo.

"Kula," baba akasema.

"Sina njaa."

Tumbo langu likanguruma, tukalisikia wote watatu. Baba akainua mkono anichape.

"Mwache," mama akasema. "Mtoto kafundishwa. Kosa si lake."

Akainuka, akarudi na yai la kuchemsha. "Hili lina ganda lake. Ndani hakuna aliyegusa. Menya mwenyewe, mama."

Nililipokea kwa pindo la gauni, nikasema nitakula baadaye. Alipotutembeza kwenye bustani yake ya viazi nilibaki nyuma kidogo, nikalitupa kwenye majani. Nilipogeuka, mama alikuwa ananitazama. Akaendelea kumweleza baba jinsi baridi ilivyounguza viazi vyake, ila maneno yalikuwa yanamtoka moja moja.

Jioni ile ile lori lilikuwa linarudi. Alisimama mbali, nusu ya uwanja, akamwambia baba, "Mwakani usimlete. Mpaka aombe mwenyewe."

Sikuomba. Mwaka uliofuata baba aliniuliza, "Twende?" Nikatazama chini, akaenda peke yake. Mwaka wa pili yake hakuniuliza tena. Mwaka wa tatu, katika baridi ya Julai, ikaja barua kwa mchungaji wetu kwamba mama amekufa kwa homa ya mapafu na wameshamzika.

Nilishaolewa na kupata mtoto wa kwanza baba aliponiambia yaliyobaki. Alikuwa anapasua kuni uani kwangu.

"Dawa zilimponya, unajua," akasema. "Muuguzi alishamruhusu atoke, mwaka mzima kabla hajafa. Nilimwambia, twende nyumbani."

"Akasemaje?"

"Alisema mtoto ataogopa."

Akaweka gogo jingine, akalipasua. Hakunilaumu, si siku ile wala siku nyingine. Angenilaumu ningepata la kujibu, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba shangazi ndiye aliyenitia hofu. Hayo nimejiambia mwenyewe mara nyingi, na ni kweli, na hayajanisaidia.

Baba hakusherehekea Krismasi tena tangu barua ile. Siku hiyo ikifika alichukua jembe akaenda shambani, mvua ikinyesha, kengele ikiita watu mabondeni. Mara moja tu nilimfuata, nilipokuwa na miaka kumi na mbili. Nilimkuta amekaa kwenye tuta, jembe liko pembeni, hajalima hata mstari mmoja. Hakuniambia niondoke wala nikae. Nilirudi nyumbani.