Baka Kisogoni mwa Agustina

Nyangi alijiwekea sheria akiwa na umri wa miaka kumi na tisa: neno lolote linaloweza kumuuma mtu lisitoke kinywani mwake. Aliishika miaka kumi na minne bila kuivunja, na watu wa Kisaka walimsifu kwa hilo. Mimi simsifu.

Sheria hiyo ilitokana na utani. Mwaka wa pili wa ndoa yake, wanawake walikuwa wakipalilia ulezi kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Jirani yao Mokami, ambaye hakujaliwa mtoto, alifika jua limeshapanda. Nyangi akapaza sauti: "Sisi wenye watoto tumefika. Wewe ulikuwa unamnyonyesha nani?" Shamba zima lilicheka, na Mokami akacheka pia. Siku ya nne alifunga mzigo wake akarudi kwa baba yake, asirudi tena kwa mume. Wazee walisema ndoa ile ilikuwa imekwisha zamani. Nyangi hakuwaamini.

Tangu hapo akawa mtu wa maneno laini. Alionyeshwa mtoto aliyekonda, akasema ana macho mazuri. Alipewa ugali ulioungua, akaumega na kuomba tena. Mumewe, Nikolaus, alizoea kuwaambia wageni: "Ukitaka ukweli wa jambo, muulize yeyote hapa nyumbani isipokuwa mke wangu. Hata ng'ombe watakujibu vizuri zaidi." Watu walicheka, na Nyangi akacheka pia. Hakuona kwamba mumewe alikuwa akilalamika.

Kazi iliyomkutanisha na wanawake wenzake ilikuwa kunyoa. Siku hizo akina mama wengi wa kwetu walinyoa nywele zote, na mkono wa Nyangi ulikuwa mwepesi. Alishika wembe mtupu kati ya vidole viwili, akalowesha kichwa kwa maji ya sabuni, akamaliza kabla hadithi haijaisha. Walikaa chini mbele yake kwa zamu, kwenye kivuli cha ghala la mtama, wakisemana na kutaniana.

Mwaka 1954 alifariki mama mkwe wake. Matanga yalipokwisha, ndugu wote walinyolewa nyumbani kwa marehemu, kama ilivyo desturi. Mmoja wao alikuwa Agustina, mke wa Simoni, mdogo wake Nikolaus. Wake hao wa ndugu wawili walikuwa wameishi mji mmoja, boma moja, miaka minane. Walichota maji pamoja, wakaangaliana katika uzazi. Agustina aliitwa mama Nashoni, Nyangi aliitwa mama Boke.

Wembe ulipofika kisogoni, Agustina aligeuka ghafla kumjibu mtu, nao ukamkata. Damu ikateremka hadi kwenye kola. Agustina aliendelea kuzungumza.

"Mama Nashoni, nimekukata?" Nyangi akauliza.

"Umenikata? Wapi?"

Bibi Regina, aliyekuwa akingoja zamu, akadakia: "Mama Boke amkate mtu! Huyo hata wembe wake una adabu."

Wakaangua kicheko. Nyangi aliifuta damu, akaona baka lenye upana wa kiganja cha mtoto, jeupe kidogo kuliko ngozi, kavu, halina hata unywele. Akalibonyeza kwa ukucha kwa nguvu. Agustina hakushtuka.

Nyangi alijua anachokiona. Shangazi yake, aliyeolewa huko Tarime, alianza na baka kama hilo. Baadaye alijengewa kibanda peke yake nje ya mji, akawekewa chakula kwenye kigae mbali na mlango, na aliyekiweka alikuwa mwanawe mwenyewe. Nyangi alikulia katika nyumba ambamo jina la ugonjwa huo halikutajwa. Sasa lilikuwa ulimini mwake.

"Una upele kidogo hapa," alisema. "Paka samli."

Asingeweza kusema mbele ya watu, na kwa hilo simlaumu. Lakini walirudi wawili njia moja, na jioni walikaa jiko moja. Alijiambia atasema kesho yake. Kisha akajiambia atasema mavuno yakiisha. Kisha Agustina akapata mimba, na nani anamtia hofu mama mjamzito?

Kwaresima ya kwanza baada ya Agustina kujifungua, Stanslaus, dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati, mtu wa Natta aliyezunguka vijiji kwa baiskeli, aliomba nafasi ya kusema baada ya ibada. Alisimama mbele ya watu akasema bila kuzungukazunguka: "Ukoma una dawa sasa. Ni vidonge. Mwenye baka lisilosikia maumivu aje kwangu mapema. Ukija vidole vimekwisha kupinda, sitavinyoosha."

Agustina alikuwa amekaa karibu na Nyangi, kichanga mapajani. Akamnong'oneza: "Maskini, watu hao. Sijui wanajisikiaje wakiambiwa."

Nafasi ya namna hiyo mtu hapewi mara mbili. Nyangi alimjibu: "Twende, jua limekuwa kali."

Kuanzia hapo alifanya jambo baya zaidi ya kunyamaza. Alianza kumnyoa Agustina mara kwa mara, nywele zikichipua tu, ili upara uwe sawa kichwa kizima na mtu mwingine asilitambue baka. Bibi Regina alipojitolea siku moja kumnyoa, Nyangi aliuchukua wembe kwa kicheko: "Huyu ni wangu, bibi. Usininyang'anye." Agustina alifurahi kupendwa hivyo.

Ninaandika haya wazi kwa sababu wengi bado wanayaita upole. Mwenye kuona nyumba ya jirani inaungua akapita akisalimia, hatumwiti mpole.

Mwaka 1956, mwezi wa nane, Agustina aliinua chungu cha uji kutoka motoni kwa mkono mtupu, akakishika huku akimsimulia Nyangi habari za mnada. Harufu ya nyama ndiyo iliyowanyamazisha. Alipokiweka chini, ngozi ya vidole vyake ilibaki kwenye chungu, naye alikuwa akiitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Simoni alimpeleka zahanati. Stanslaus aliukagua mkono, kisha mwili wote, akafika kisogoni.

"Hili ni la siku nyingi, mama. Nani anakunyoa?"

"Mke wa shemeji yangu."

Dresa alichukua vioo viwili akamwonyesha.

Agustina aliporudi, mkono umefungwa bandeji, alivuta kigoda akakaa mbele ya Nyangi.

"Mama Boke, baka hili uliliona lini?"

"Baka gani?"

"Usinifanye mtoto."

Nyangi akainamisha macho. "Kwenye matanga ya mama."

"Na siku ile kanisani, dresa alipotangaza, ulikuwa umekaa wapi?"

"Karibu nawe."

"Bega lako lilikuwa linanigusa!"

"Niliogopa, mwenzangu. Neno lile ni zito. Ningekuumiza."

"Ungeniumiza, ndiyo. Ningelia. Ningekaa mwaka mzima bila kukusalimia. Halafu ningemeza dawa."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, padri atanilazimisha. Lakini nijibu kitu kimoja. Ulinihurumia mimi, au uliogopa watu waseme Nyangi naye siku hizi ana ulimi?"

Nyangi aliitazama bandeji.

"Hata hilo hutaki kuniambia," Agustina akasema, akainuka.

Vidonge viliuzuia ugonjwa. Havikurudisha kilichokwenda. Vidonda vya moto vilioza, na hospitalini alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Viwili vilivyobaki vilijikunja visinyooke. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hakushika jembe tena wala kukamua ng'ombe, na mtoto wake mdogo ilibidi afungwe mgongoni mwake na watu wengine, kwa sababu yeye hakuweza kupiga fundo la kanga.