Dakika Sita za Mama

Mwezi uliopita nilinunua simu mpya pale Mpanda mjini. Muuzaji, kijana mwenye maneno mengi, akaniambia, "Weka nyimbo unazozijua na usizozijua, dada, hii haijai." Nilitamani kumzaba kibao. Nisamehe, msomaji wangu, kijana wa watu hakuwa na kosa lolote. Ila habari za kitu kujaa mimi nazijua, na nilizijua kwa kuona damu.

Nimekulia Kasokola, enzi za redio ndogo za memori. Labda hukuziwahi: kiredio cha kushika mkononi, tochi pembeni, na memori kadi ndogo kama ukucha. Baba alikifunga chake kwenye usukani wa baiskeli kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu, na akitoka shamba la karanga tulimsikia kabla hatujamwona. Watu walipigana kwa ajili ya vitu hivyo. Niliona wanaume wawili wakitoana meno pale mashine ya kusaga, eti mmoja kaazima memori ya mwenzake akairudisha ina kwaya tupu.

Memori ya baba ilibeba nyimbo hamsini hivi, na dakika sita za mama. Siku alipoileta redio alibonyeza kitufe cha kurekodi akijaribu tu, mama akiwa uani anamenya karanga. Ikamnasa mama akigombana na kuku waliokuwa wanamwibia, anawatukana mmoja mmoja kwa Kikonongo, halafu anatuita: "Nyie watoto, njooni mle, ugali unapoa." Mwaka uliofuata mama alifariki akijifungua. Tangu hapo, kila Jumapili tukitoka kanisani, baba aliiweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, tukala kande tukimsikiliza mama. Alibonyeza mwenyewe, sisi hatukuruhusiwa kugusa. Niliipenda saa ile kuliko saa yoyote ya wiki.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, kaka yangu kumi na minne. Shuleni kila mtu aliimba wimbo mmoja mpya wa Bongo Flava, nami nikautaka kwa kiherehere changu chote. Baba alipokwenda kwenye kikao cha kanisa, nikambembeleza kaka mpaka akakubali tuipeleke redio kwa fundi wa kuingiza nyimbo. Kaka akabaki nje ameshika baiskeli. Fundi akachomeka memori kwenye kompyuta.

"Imejaa. Nifute ipi?"

Nikatazama orodha. Nyimbo zote zilikuwa na majina ya wasanii, isipokuwa moja ya chini kabisa, yenye tarakimu tupu.

"Hizi za namba huwa takataka," fundi akasema.

"Basi futa hiyo," nikamwambia.

Jumapili baba akabonyeza pale alipozoea, ukatoka wimbo wangu. Akabonyeza tena, na tena. Akauliza taratibu, "Nani kashika redio?"

"Mimi, baba," kaka akasema, kabla sijafumbua mdomo.

Baba akaenda kufungua ule mpira kwenye baiskeli. Alimchapa kaka mgongoni mpaka shati likachanika na ngozi ikafuata, sufuria ya kande ikapinduka, kuku wakakimbilia kula katikati ya miguu yao. Kisha akamzaba kofi la sikio la kushoto, damu ikachuruzika mpaka shingoni. Jirani aliruka uzio kuja kumshika, akasukumwa akaangukia mafigani. Baba akachukua mchi, akaiponda redio ile kama anayeua nyoka. Mimi nilikuwa nyuma ya choo, kinywa kimejaa kande zisizomezeka. Sikusema neno siku ile, na sikusema kwa miaka ishirini. Kaka hakunitaja, na sikio lile halikusikia tena.

Sasa baba ni mzee, mikono inatetemeka. Nilipofika nyumbani na simu yangu tulikaa uani sote watatu, baba, kaka na mimi. Nikamrudia baba maneno ya muuzaji, kwamba hii haijai. Akaigeuzageuza simu muda mrefu.

"Kama haijai," akasema, "basi mtafute mama yenu humo. Huenda sauti hazipotei, huenda zinakwenda mahali."

Nililia. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiye niliyefuta. Kaka alikuwa nje."

Kuku walikuwa wanachakura maganda ya karanga, na sasa hakuna anayewatukana. Halafu akainuka kwa shida, akabeba kigoda chake, akazunguka nyuma ya kaka, akakaa upande wake wa kulia.

"Mwanangu," akasema. "Unanisikia?"