Boza la Maji na Karafuu za Bi Mize

Nakumbuka asubuhi moja ya kaskazi, mwanangu, jua lishakuwa kali na barabara yetu ya kifusi kule Kidichi inafuka vumbi. Kila gari likipita, vumbi liliingia majumbani, likatua juu ya vyakula na juu ya karafuu zilizoanikwa. Mwaka ule sheha alipata boza, gari la tangi la kumwagia barabara maji yenye chumvi maalumu, akanikabidhi kazi ndogo: nipite nyumba zote niwaambie watu siku ya boza, waanue vitu vyao.

Mimi nilikuwa na haya sana. Kupiga hodi kwa watu kulinitoa jasho. Basi nikaandika tangazo, herufi moja moja, maana skuli niliishia darasa la saba na mkono wangu ulikuwa mzito. Nikalibandika mlangoni mwa msikiti, nikajiona nishamaliza.

Siku ilipofika nikapanda boza. Nilitaka sana kujua: maji yatazuiaje vumbi chini ya jua lile? Nikamchosha dereva kwa maswali, huku nikitazama changarawe zikigeuka rangi. Tulipokata kona, nikasikia ukelele. Majamvi mawili ya karafuu za Bi Mize, mjane jirani yetu, yaliyotandazwa kando ya barabara, yamerowa chapachapa. Zilibakisha siku moja kukauka, na ndiyo mavuno yake yote ya msimu ule.

“Wewe! Hebu shuka!”

“Shikamoo, Bi Mize.”

“Marahaba ya nini? Mbona hukunambia?”

“Nilibandika karatasi msikitini.”

“Mimi nnasali chumbani kwangu. Ulitaka nisomewe na mbuzi?”

Bi Mize akainama. Akachota karafuu, akazinusa, kisha akauliza taratibu, “Na maji yenyewe haya yana nini?”

Hapo ulimi ukafunguka. Nikamweleza jinsi chumvi ile inavyonyonya unyevu wa hewa alfajiri, changarawe zikashikana, vumbi likalala wiki kadhaa. Na kwamba isimwagwe karibu na kisima wala mimea. Nikaeleza mpaka dereva akazima mashine asikilize.

“Kumbe mdomo unao,” akasema Bi Mize. “Yote hayo umeyaweza. ‘Bi Mize, anua majamvi’ ndiyo imekushinda?”

Karafuu zile hazikufaa tena. Hakunidai kitu, alinitaka nipige hodi nyumba zilizobaki, palepale, kabla boza halijasogea. Nikaenda, sauti inatetemeka. Na kila nyumba nilikuta jambo nisilolijua: huyu ana mgonjwa wa pumu, yule ana miche ya vanila ukingoni mwa barabara.

Mwanangu, kutaka kujua ni jambo jema, lakini usiishie kuuliza habari za maji na mawe. Waulize na wanaoishi hapo, tena kabla kazi haijaanza. Ukitetemeka, piga hodi hivyo hivyo. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kheri, na kila mlango utakaougonga ufunguliwe kwa uso mkunjufu. Amin.